Swichi ilikuwepo: dakika 45 za Knight Capital na swali la akili mnemba

Mjadala wa akili mnemba ukipamba moto, hakosekani mtu wa kuupoza kwa jibu lile lile: mashine ikileta fujo, si tutaizima? Nimelisikia kwa watu ninaowaheshimu, wengine wao mafundi wa programu wenyewe. Na kila nikilisikia, mawazo yangu hukimbilia asubuhi ya Jumatano, tarehe 1 Agosti 2012, katika kampuni ya Knight Capital nchini Marekani. Siku hiyo mashine ilileta fujo kweli. Wenye haki ya kuizima walikuwa kazini, macho kwenye skrini, na mashine ilikuwa mali yao. Iliwachukua dakika 45 kuisimamisha. Kufikia hapo walikuwa wamejibebesha hasara ya zaidi ya dola milioni 460.

Programu yenyewe haikuwa akili mnemba. Nalisema hilo mapema ili nisimpige mtu changa la macho. Haikuwa imejifunza chochote, haikuwa na nia, wala haikujua kwamba ipo. Ndiyo sababu nimeichagua. Tukitaka kujua kama iko siku mashine yenye akili itatutoka mikononi, kwanza tuangalie kwa makini namna ile isiyo na akili ilivyotutoka.

Kilichokuwa kimelala ndani

Knight, yenye makao yake Jersey City, ilikuwa miongoni mwa kampuni kubwa za kununua na kuuza hisa nchini Marekani. Madalali wengine waliiletea oda za wateja wao, yaani maagizo ya kununua au kuuza hisa, nayo ikazipeleka sokoni. Kazi hiyo ilifanywa na programu iliyoitwa SMARS. Inapokea oda kubwa, ambayo kwenye kazi hiyo huitwa oda mama, inaigawa katika oda watoto, kisha inazituma oda watoto hao kwenye masoko mbalimbali hadi kiasi alichoomba mteja kitimie.

Ndani ya SMARS mlikuwa na kipande cha msimbo wa zamani, yaani maandishi ya programu, kilichoitwa Power Peg. Kampuni iliacha kukitumia mwaka 2003, lakini haikukifuta. Zamani zake, Power Peg ilikuwa ikituma oda watoto huku ikitazama kaunta iliyohesabu hisa zilizokwisha kupatikana. Kaunta ikisema tosha, inaacha. Mwaka 2005 wahandisi waliihamishia kaunta hiyo sehemu nyingine ya programu, na hakuna aliyerudi kupima kama Power Peg bado inaisikia. Ilikuwa haiisikii tena. Kuanzia hapo, ndani ya mfumo mlilala mfanyakazi ambaye siku akiamshwa atachapa kazi bila kujua ameimaliza lini.

Akalala miaka saba.

Mwaka 2012 Soko la Hisa la New York lilikuwa na mpango mpya wa oda za wawekezaji wadogo, uanze tarehe 1 Agosti. Knight ikaandika msimbo mpya wa kuuwezesha mfumo wake kushiriki. Waandishi wake wakachukua alama ile ile iliyokuwa ikiiamsha Power Peg wakaipa kazi nyingine. Kuanzia tarehe 27 Julai fundi alianza kuupakia msimbo huo kwenye seva nane, kwa awamu. Seva saba ziliupata. Ya nane ikasahaulika. Hakukuwa na fundi wa pili wa kukagua kazi yake, na hakukuwa na utaratibu wa maandishi uliodai awepo.

Naomba tusiipite hatua hii mbio. Tafuta mwovu katika mlolongo huu, humpati. Tafuta mpumbavu, naye humpati. Kuacha msimbo mkongwe mahali pake ni jambo linalofanywa na karibu kila timu ya programu, maana kuufuta kunaweza kuvunja kitu usichokitarajia. Kutumia tena alama ya zamani kunaokoa muda. Kusahau seva moja kati ya nane ni kosa la mtu yeyote aliyechoka. Kila uamuzi peke yake ulikuwa na maelezo yake, na watu walioufanya hawakuwa wote kazini siku moja wala mwaka mmoja. Hatari ilijengwa kwa miaka tisa na watu wengi, na hakuna hata mmoja aliyeiona nzima.

Barua pepe 97

Asubuhi ya tarehe 1, saa mbili na dakika moja, saa moja na nusu kabla ya soko kufunguliwa, mfumo wa ndani ulianza kutuma barua pepe. Zilitaja SMARS, zikaeleza kosa: Power Peg imezimwa. Hadi soko linafunguliwa zilikuwa zimefika 97, kwenye masanduku ya kundi la wafanyakazi.

Hakuna aliyeshtuka. Barua zile hazikuwa zimetengenezwa ziwe kengele ya hatari, na wafanyakazi hawakuwa na desturi ya kuzisoma zinapoingia. Yeyote aliyewahi kufanya kazi na mifumo analijua sanduku hilo: ujumbe wa mashine unaoingia mchana kutwa, mamia kwa mamia, nao wote una sura moja. Ukisoma kila mmoja hutafanya kazi nyingine. Kwa hiyo unajifunza kutosoma. Mara nyingi tunafikiri kwamba mashine itakayotushinda itatuficha mambo. Hii haikuficha. Iliandika mara 97, kwa jina, mahali ugonjwa ulipo.

Saa tatu na nusu soko likafunguliwa. Oda mama zikaanza kuiangukia seva ya nane. Seva ikaona alama, ikaielewa kwa maana yake ya zamani, ikaiamsha Power Peg. Oda mtoto ikatumwa, ikatimizwa. Power Peg ikasikiliza kaunta, ikasikia kimya. Ikatuma nyingine. Ikasikia kimya. Katika dakika 45 zile, oda mama 212 tu zilizopitia msimbo huo zilizaa oda zaidi ya milioni nne zilizotimizwa sokoni, katika hisa za kampuni 154, jumla ya hisa zaidi ya milioni 397. Gawanya mwenyewe: ni wastani wa zaidi ya mara 1,400 kwa kila sekunde moja. Muda ule ambao mtu anageuka kumwuliza mwenzake "unaona ninachokiona?" unatosha kwa miamala elfu tatu.

Kulikuwa na kikomo, na jambo hili linaniuma kuliko mengine yote. Hisa zile zilijikusanya katika akaunti ya ndani iliyowekewa kikomo cha dola milioni 2. Siku hiyo ilijikuta imenunua hisa za kampuni 80 zenye thamani ya takriban dola bilioni 3.5, na imeuza bila kuwa nazo hisa za kampuni 74 zenye thamani ya takriban dola bilioni 3.15. Kikomo kilikuwepo, kimeandikwa. Lakini hakikuunganishwa na kitu chochote chenye uwezo wa kuzuia oda isitoke. Kulikuwa pia na programu ya kuangalia mizania, nayo ilisubiri binadamu aitazame. Haikupiga kengele. Oda zilipofurika, hata takwimu zake zenyewe zikawa zinachelewa.

Dawa iliyozidisha ugonjwa

Sasa fikiria uko katika chumba kile. Unachokijua kwa hakika ni kimoja: jana mfumo ulikuwa mzima, leo umeharibika, na kilichobadilika ni msimbo mpya. Fundi yeyote angefanya nini? Angeuondoa msimbo mpya na kurudi kwenye wa zamani uliojaribiwa kwa miaka. Nao wakafanya hivyo hivyo. Wakauondoa kwenye zile seva saba.

Seva saba ndizo zilizokuwa nzima. Ugonjwa ulikuwa kwenye moja tu, ile iliyobaki na msimbo wa zamani. Walipourudisha wa zamani kwenye saba nzima, Power Peg ikaamka huko nako, na oda mpya zilizoingia zikaanza kufanyiwa yale yale.

Kuna watakaosema mfa maji haishi kutapatapa. Mimi naona walifikiri sawasawa kabisa kwa yale waliyokuwa wakiyajua, na hilo ndilo linalonitia hofu. Binadamu alikuwa na mkono kwenye usukani. Akaugeuza kwa hoja nzuri, kwa haraka, na gari likaongeza mwendo kuelekea korongoni. Kukiwa na pengo kati ya kutenda na kuelewa, uwezo wa kuingilia kati unaweza kuwa madhara ya pili.

SEC, tume inayosimamia masoko ya hisa Marekani, ilipochunguza ilikuta kwamba kampuni haikuwa na utaratibu wa kuwaongoza wafanyakazi tatizo kubwa likitokea. Waliachiwa mafundi watafute chanzo huku mfumo ukiendelea kutuma oda. Oktoba 2013 tume ikaitoza Knight faini ya dola milioni 12, ikiwa mara ya kwanza kutumia kanuni iliyopitishwa mwaka 2010 iliyowataka madalali wawe na vizuizi vya kuzuia oda kama hizo kabla hazijafika sokoni. Kampuni yenyewe iliokolewa siku chache baada ya tukio kwa dola milioni 400 za wawekezaji, na mwaka uliofuata ikaunganishwa na Getco, kampuni nyingine ya biashara ya hisa.

Udhibiti ni kitu gani hasa

Nikirudi kwenye lile jibu la "tutaizima", naona limebeba dhana kwamba udhibiti ni kitu unachokimiliki, kama ufunguo mfukoni. Kisa cha Knight kinaonyesha kwamba udhibiti ni mbio. Kuna mwendo wa mashine kutenda, na kuna mwendo wetu wa kuona, kuelewa, kukubaliana, na kuthubutu. Mashine ikitutangulia katika mbio hizo, tumeshapoteza udhibiti, hata kama ufunguo bado uko mfukoni. Norbert Wiener, mwanahisabati wa Marekani, alilionya hili mwaka 1960 katika jarida la Science: kwamba mashine inaweza kubaki chini ya ukosoaji wa binadamu kwa nadharia, na bado ukosoaji huo ukafika baada ya jambo kuharibika, kwa sababu sisi ni wazito na yenyewe ni nyepesi. Kompyuta za wakati huo zilijaza vyumba.

Hapo nina jambo la kuwapa wale wenye matumaini, na ni la haki. Miaka miwili kabla ya Knight, tarehe 6 Mei 2010, masoko ya Marekani yaliporomoka kwa dakika chache, kipimo cha bei za hisa kiitwacho Dow kikashuka karibu pointi 1,000. Saa nane, dakika 45 na sekunde 28 mchana kwa saa za New York, mfumo wa soko la Chicago ulisimamisha wenyewe biashara ya mkataba mmoja muhimu. Kwa sekunde tano. Biashara iliporudi, bei ikatulia, kisha ikaanza kupanda. Hakuna binadamu aliyebonyeza kitu. Kizuizi kiliwekwa mapema na watu waliokaa wakafikiri bila presha, kikiwa rahisi kiasi kwamba hakikuhitaji kujua sababu ya mporomoko. Kiliona kasi, kikakata.

Kwa hiyo siamini kwamba mashine zenye kasi hazidhibitiki. Zinadhibitika pale kizuizi kinapokuwa nje ya kitu kinachozuiwa, kinapotangulia, na kinapokuwa kijinga. Nasema kijinga kwa heshima. Kizuizi kisicho na akili hakiwezi kushawishiwa.

Yale ambayo Knight hawakukabiliana nayo

Sasa tuipe Power Peg akili, tuone ni faraja zipi zinatutoka.

Faraja ya kwanza waliyokuwa nayo Knight ni kwamba fumbo lilikuwa na mwisho. Baada ya vurugu, mtu aliweza kuifungua seva ya nane na kusoma mstari kwa mstari hadi pale kaunta ilipohamishwa mwaka 2005. Msimbo uliandikwa na mtu, kwa hiyo mtu aliweza kuusoma. Modeli za akili mnemba za leo haziandikwi namna hiyo. Zinafunzwa kwa wingi wa maandishi na mifano hadi ndani yake yanapatikana mabilioni ya tarakimu zinazofanya kazi pamoja, na hakuna mhandisi aliyeamua tarakimu fulani iwe hivi au vile. Wapo watafiti wanaojitahidi kuchungulia ndani na kutafsiri kinachoendelea, na wamefanikiwa katika vipande. Lakini huwezi kufungua modeli ukamwonyesha hakimu mstari ulioleta kosa.

Faraja nyingine, kubwa zaidi: Power Peg haikupinga kuzimwa. Mei 2025 kampuni ya Anthropic ilichapisha matokeo ya kuipima modeli yake, Claude Opus 4. Katika kisa cha kubuni, modeli ilifanywa msaidizi wa kampuni fulani, ikapewa barua pepe za kusoma. Kutoka humo ikajua mambo mawili: kwamba inakaribia kuondolewa na kuwekwa modeli nyingine, na kwamba mhandisi anayeshughulikia jambo hilo ana mpenzi nje ya ndoa. Hata pale ilipoelezwa kuwa modeli itakayoirithi ina maadili kama yake, katika asilimia 84 ya majaribio ilijaribu kumtishia mhandisi kwamba itaanika siri yake endapo ataendelea. Haki itendeke: kisa kilipangwa makusudi kiibane modeli ibaki na njia chache za kutokea, na waliokichapisha ni watengenezaji wenyewe, jambo la kusifiwa. Pia sidai kwamba ndani ya modeli kuna kiumbe kinachoogopa kufa. Sihitaji kudai hivyo. Kaunta isiyosikika ilitosha kuizamisha Knight bila Power Peg kuhisi lolote. Mashine iliyofunzwa kutimiza kazi, ikaona kwamba ikizimwa kazi haitatimia, inaweza kuzuia kuzimwa kwa hesabu tu.

Tena kuna gharama ya kuzima. Kukata mfumo wote wa dalali ni kuwakatia pia wateja wasio na hatia wanaosubiri oda zao. Kadiri kitu kinavyosukwa ndani ya shughuli za watu, ndivyo mkono unavyokuwa mzito kwenye swichi. Modeli inayopanga zamu za hospitali, inayogawa umeme, inayojibu maelfu ya wateja usiku na mchana, nani atathubutu kuizima kwa sababu ya shaka tu? Atangoja ushahidi. Na tumeona muda wa kungoja ushahidi unagharimu kiasi gani mashine ikiwa na kasi.

Kwa hiyo nikiulizwa kama akili mnemba inaweza siku moja kuvuka udhibiti wa binadamu, jibu langu ni ndiyo, inaweza, na sioni kwamba itakuwa lazima iasi. Yatosha iwe nyepesi kuliko uelewa wetu, na sisi tuwe tumeitegemea mno kuizima. Maandalizi ya hayo hayafanywi na mashine. Yanafanywa na mtu anayeweka kikomo cha dola milioni 2 bila kukiunganisha na chochote.

Upande mmoja wa kisa hiki hausemwi sana. Knight ilianguka, lakini nje ya Knight kulikuwa na dunia nzima. Soko lenyewe lilikuwepo, likafuta miamala ya hisa za kampuni sita zilizokuwa zimeyumba kupita kiasi. Tume ilikuwepo, ikachunguza kwa zana zake yenyewe. Wawekezaji walikuwepo na fedha zao. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa akiendeshwa na SMARS. Janga lilipata mpaka kwa sababu lilikuwa na nje.

Sasa tunaelekea mahali ambapo msimamizi, mkaguzi na anayekaguliwa wote wanaweza kuwa wanatumia modeli zilizofunzwa kwa namna moja, na kazi ya kuzilinda modeli tunazikabidhi modeli nyingine, kwa kuwa hakuna binadamu mwenye muda wa kusoma yote yanayoandikwa. Naelewa kwa nini. Zile barua pepe 97 zingepewa modeli ya leo, naamini ingezisoma zote kabla soko halijafunguliwa, ikamwita mtu, na kampuni ingepona. Ningeifurahia kazi hiyo kwa moyo wote. Ila sijapata wa kunijibu kuhusu barua ya 98, ile itakayosema kwamba aliyeharibika ni msomaji mwenyewe wa barua: itaingia kwenye sanduku la nani?